Bethidei ya Samaki

Siku Elia alipotimiza miaka sita, watoto wote wa chekechea ya mtaa waliingia ndani ya geti jekundu la kwao, isipokuwa mmoja. Mwanaidi alikabidhiwa keki yake palepale nje, imeviringishwa kwenye tishu, kama mpita njia aliyeomba maji ya kunywa.

"Usinifikirie vibaya, Mama Mwanaidi," Mama Elia alimwambia Mwanvita, huku mguu mmoja ameukaza nyuma ya geti lisifunguke zaidi. "Watoto ni wengi, wanabanana. Sasa akianguka humu ndani, wazazi wa wenzake nitawaambia nini?"

Mwanvita alikuwa amempigia mwanawe gauni pasi, amemsuka tangu asubuhi, amemnunulia Elia kikasha cha penseli na kukifunga kwa karatasi ya maua. Mama Elia alikipokea kwa ncha za vidole viwili, akasema asante, akafunga geti. Mwanaidi alibaki anachungulia kwenye upenyo. Bethidei ya Elia ilikuwa ya magari. Magari ya karatasi yalibandikwa kila mahali, ukutani, kwenye viti, hata kwenye kofia za watoto.

"Mama," aliuliza walipokuwa wakirudi, "kwa nini mimi nimepewa ya kuondoka nayo?"

Mwanvita alimvuta mkono mpaka wakafika kwa muuza mkaa. Alikuwa na hasira, na hasira ile, badala ya kumwagika, ilimkaa kifuani kama jiwe la figa.

"Itupe hiyo keki," alisema. Mwanaidi akasita, akaitazama keki, akamtazama mama yake. "Basi kula," Mwanvita akalegea. "Keki haina kosa. Lakini yako tutafanya nyumbani, na kila atakayekuja ataingia ndani."

Mwanaidi aliuma kipande, akatafuna akifikiri.

"Yangu iwe ya samaki."

"Samaki?"

"Samaki wengi wa rangi zote, na kila kitu kiwe bluu. Kama magari ya Elia."

Tangu alipoanza kuugua, mtoto huyo alikuwa amekatazwa moto na maji. Jumamosi wenzake walipokwenda mtoni na vipande vya chandarua kuvua vikambale, yeye aliachwa barazani, akasubiri kuja kusimuliwa. Samaki aliowajua kwa macho walikuwa dagaa wa sokoni, waliokauka na kukunja mikia.

"Haya," Mwanvita alisema. "Ya samaki."

*

Mumewe, Hafidhi, alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda karibu na soko la Mafiga. Aliposikia habari ile alikuwa anakula, akaacha kula.

"Bethidei? Umwite nani?"

"Wote. Chekechea nzima na mtaa."

"Mama Mwanaidi, mimi nashonea watu. Watu wanavua nguo zao wananipa mikononi, nazipeleka nyumbani kwangu, nazirudisha. Wakijua kuna nini ndani ya nyumba hii, nani ataleta kitambaa?"

"Wameshajua. Ameanguka darasani, mbele ya mwalimu, mbele ya watoto wote. Sasa hivi anakaa kwenye mkeka wa peke yake, mlangoni, kama kiatu. Unadhani hawajasikia?"

"Wamesikia, hawajaona. Kusikia na kuona ni vitu viwili."

Hafidhi hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mwanawe, na kila siku asubuhi na jioni alikuwa yeye wa kwanza kuuliza, "Amekunywa dawa?" Lakini neno lenyewe hakuwahi kulitamka. Kwa wateja alisema ni malaria. Kwa kaka zake alisema ni malaria iliyopanda kichwani. Mwanaidi alipovunjika jino kwa kuanguka sakafuni, alisema ameteleza.

"Malaria gani isiyoisha, Baba Mwanaidi?" Mwanvita aliuliza kwa sauti ya chini. "Tutamficha mpaka lini? Mpaka aolewe?"

Hafidhi alinawa mikono, akatoka nje, akasimama akiitazama milima ya Uluguru ilivyovaa wingu mabegani. Kesho yake alirudi na furushi la mabaki ya vitambaa: bitana ya bluu, vipande vya satini, kanga zilizobaki kwenye mishono ya harusi. Akalitupa kitandani.

"Haya," alisema. "Ila siku yenyewe mimi nitakuwa kazini."

*

Mwanvita alikwenda kualika nyumba kwa nyumba, amemshika Mwanaidi mkono. Angeweza kumwacha. Alimchukua makusudi, ili wenye kukataa wakatae wakimtazama machoni.

Wengi hawakukataa. Wangekataa ingekuwa nafuu. Mmoja alisema siku hiyo wana harusi Kihonda. Mwingine alisema, "Tutaangalia, mama," huku akiwa ameshaanza kufagia upya mahali palipokwisha kufagiliwa. Wa tatu aliuliza, mtoto akisikia, "Kwani ameshapona?" Na mmoja, mwenye duka la vipodozi, alitoa noti akamtia Mwanaidi kiganjani. "Kamnunulieni zawadi kwa niaba ya wanangu, wao hawatapata nafasi." Mwanvita alikifungua kiganja cha mtoto taratibu, akairudisha noti juu ya kaunta.

"Zawadi yake ni watoto, dada. Pesa si mtoto."

Chausiku, waliyepanga naye nyumba moja na kupikia naye ua mmoja, alimkaribisha ndani. Hapo ndipo palipouma zaidi, kwa sababu Chausiku alikuwa rafiki. Mwanaidi aliomba maji. Chausiku alinyoosha mkono kuchukua kikombe kilichokuwa mezani, akauzuia mkono wake katikati, akaenda kabatini akatoa kikopo cha plastiki kilichopasuka ukingo.

"Shoga, nisamehe," alisema aliposhtukia kwamba Mwanvita ameona. "Nakupenda, na mtoto nampenda. Lakini Halidi wangu ndiye huyo mmoja, sina mwingine. Wanasema ni mate."

"Nesi wa kliniki alikuambia nini siku ile tulipokwenda wote?"

"Kwamba haiambukizi."

"Sasa?"

Chausiku alitazama chini. "Sasa naogopa, Vita. Nimesikia, nimeelewa, na bado naogopa."

Mwanvita alimheshimu kwa hilo kuliko wote aliowapitia siku ile. "Njoo na woga wako," alimwambia. "Utaukalisha kwenye mkeka."

Jioni akaja mwenye nyumba. Mzee Bonifasi alikuwa mstaafu, mtu wa kofia na fimbo, mwenye desturi ya kugonga mlango uliokuwa wazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimesikia mna sherehe. Kwenye ua wangu siitaki. Wapangaji wenzenu wamelalamika."

"Mzee, mpangaji wa chumba cha kona alifanya kicheni pati hapa hapa, spika zikalia mpaka tukakosa usingizi. Na wewe mwenyewe ulikuja ukacheza."

"Ile ilikuwa sherehe. Hii ni…"

Mtoto alikuwa amekaa kizingitini, anapanga vifungo vya baba yake vya kuwa macho ya samaki.

"Ni nini, mzee? Imalizie."

Mzee Bonifasi alikohoa. "Mwisho wa mwezi tutaongea," akasema, akaondoka.

*

Mama mkwe alishuka kutoka Kinole siku moja kabla ya sherehe, na mkungu wa ndizi, mananasi na fungu la mdalasini linalonukia chumba kizima. Bibi Zuhura alikuwa mwembamba, mgumu kama mzizi. Alipowakuta mwanawe na mkwewe wamezungukwa na samaki wa vitambaa hakukaa.

"Samaki! Mtoto aliyekatazwa maji mnamzungushia viumbe vya maji? Nyinyi mnaijua degedege au mnaisikia tu?"

"Shikamoo mama. Karibu ukae."

"Sikai. Nimekuja kumchukua mjukuu wangu. Kuna mzee kule juu amepata dawa mpya. Mtoto mgonjwa haonyeshwi watu, Mwanvita. Anafichwa mpaka apone."

Hafidhi aliinamisha kichwa kwenye cherehani aliyoileta kutoka kazini, akaongeza kasi ya kukanyaga. Mwanvita ndiye aliyejibu, amepiga goti kama anavyompa mkwewe maji.

"Mama, dawa za kule juu alipewa. Alifukizwa akiwa ameshikwa ndani ya shuka, akaanguka humohumo juu ya makaa ya chetezo. Mwite umtazame mguu wake. Mimi kila nikimwogesha naona ule mguu. Sasa hivi anameza vidonge, na zile siku za kuanguka kila wiki hazipo tena. Simpeleki."

Bibi Zuhura hakumwita mtoto. Aliujua ule mguu. Yeye ndiye aliyelishika lile shuka. Alikaa taratibu kwenye ncha ya kitanda, akazifungua kamba za kapu lake, akazifunga tena.

"Watakuja kumtazama," alisema mwishowe, na safari hii sauti yake haikuwa na ukali. "Kama watu wanavyokwenda kutazama ajali."

"Waje watazame. Wakichoka kutazama watakula pilau."

Mama mkwe akachukua nanasi la kwanza na kisu, akaanza kumenya.

*

Jumamosi mchana ua ulikuwa bluu. Mashuka ya bluu yalifunika ukuta wa matofali, na kwenye kamba za kuanikia nguo walining'inia samaki wa Hafidhi, hakuna wawili waliofanana. Kulikuwa na samaki wa satini mwenye mapezi ya lesi. Kulikuwa na samaki wa kanga mwenye maneno ya kanga ubavuni. Kulikuwa na mmoja mnene, mdomo wake ni zipu, na ukiifungua unakuta ndani pipi. Keki, aliyoipika mama mmoja wa mtaa wa pili, ilipakwa krimu ya bluu mpaka ikatia shaka. Mwanaidi alivaa gauni lililoshonwa kama magamba, safu kwa safu, na usiku kucha hakulala kwa furaha. Alifumba macho, akayafumbua, akauliza kama kumekucha.

Saa nane, muda walioalikwa watu, hakuna aliyekuja.

Mwanvita aligeuza pilau. Bibi Zuhura alipepea nzi kwenye juisi. Mwanaidi alikaa katikati ya mkeka, mikono mapajani, kama bi harusi. Mlango wa Chausiku ulikuwa umefungwa, lakini pazia lilikuwa linatikisika.

"Mama, labda hawapajui," alisema Mwanaidi.

"Wanapajua."

"Au saa yao imesimama."

Mwanvita alifunika sufuria, akaenda kwenye mlango mkubwa wa ua, uliokuwa umerudishwa nusu, akausukuma wote mpaka ukagonga ukuta. Akachukua samaki watano wakubwa kwenye kamba, akawatundika nje, juu ya kizingiti, mahali ambapo mtaa mzima ungewaona. Upepo wa kutoka mlimani ukawapiga, wakaanza kuogelea.

Watoto hawana shughuli na kalenda za mama zao. Wa kwanza walikuja wawili waliotumwa chumvi. Walisimama, wakawatazama samaki, wakaingia. Akaja mwingine na mdogo wake mgongoni. Pazia la Chausiku likafunguka na Halidi akachomoka kama risasi, na mama yake nyuma yake, amejitanda kanga, uso wa mtu anayekwenda kuchomwa sindano. Baadaye kidogo aliingia Elia mwenyewe. Hakuaga kwao, hilo lilionekana kwa jinsi alivyokuwa anageukageuka. Hakuna hata mmoja aliyevaa bluu. Walivaa walivyokuwa wameshinda, wengine hawana viatu, na ua ukajaa.

Walicheza kuvua. Bibi Zuhura alitandika shuka ardhini liwe mto, akamwaga samaki wadogo wa mabaki, na kila mtoto akapewa kijiti chenye ndoana ya waya. Mwanaidi ndiye aliyetangaza nani amevua nini. "Halidi kambale! Elia papa! Wewe umevua kifungo, rudisha!" Mwanvita, akiwa jikoni na mwiko mkononi, alisikia mwanawe akicheka kicheko ambacho hakukumbuka mara ya mwisho kukisikia. Akainua macho, akamwona Hafidhi amesimama mlangoni, na futi ya kupimia bado shingoni. Alikuwa ameacha kazi. Hakuingia, lakini alikuja.

Ndipo kicheko kikakatika.

Mwanaidi alikuwa amenyoosha kijiti. Kikamponyoka. Macho yakageuka, shingo ikapinda, na akaanguka chali juu ya mto wa shuka, katikati ya samaki. Mwili ukakakamaa, kisha ukaanza kutikisika.

"Mate! Msiguse mate!" sauti ya mwanamke ilipasua kutoka mlangoni. Ilikuwa ya Mama Elia, aliyekuja kumfuata mwanawe. Watoto walitawanyika, juisi ikamwagika, mmoja akakanyaga keki ukingoni. Mzee Bonifasi alitokea na fimbo yake. Vichwa vikajaa mlangoni, vya watu ambao, kwa maneno yao, siku ile walikuwa na harusi Kihonda.

Mwanvita hakukumbuka alivyofika. Alikuwa magotini, anamgeuza mtoto ubavu, analegeza shingo ya gauni, anasogeza vijiti. Chausiku alikuja mbio na kijiko. "Mwekee mdomoni asijing'ate ulimi!"

"Hapana! Hakiwekwi kitu mdomoni!"

"Kijiko hicho kakorogee chai," alisema Bibi Zuhura.

Alikuwa ameshakaa chini, mama mkwe, katika vumbi na juisi, na kichwa cha mjukuu amekiweka juu ya paja lake. Povu lilitoka likalowesha kanga yake. Kutoka mlangoni mtu alimwita, "Bibi, jitoe hapo, utaipata!" Bibi Zuhura alichukua pindo la kanga ileile, akamfuta mtoto mdomo, taratibu, kama anayemfuta uji.

"Nina umri huu," alisema bila kugeuka. "Nikiipata itanikaa siku ngapi?"

Mzee Bonifasi alipiga fimbo chini. "Nilisema mimi! Nilisema! Kusanyeni vitu vyenu. Watu watoke, sherehe imekwisha!"

Hafidhi alivuka ua. Mwanvita alimwona anakuja na kwa nukta moja alidhani atambeba mtoto amkimbize ndani, amfiche, kama siku zote. Hakumbeba. Alisimama kati ya mwanawe na ule mlango uliojaa vichwa.

"Mzee Bonifasi, shikamoo. Ngoja kwanza. Nyote mnanijua. Mimi ni Hafidhi, fundi. Huyu ni binti yangu. Ana kifafa."

Vichwa mlangoni vikageukiana.

"Ana kifafa," alirudia, kwa sauti zaidi, kama anayejaribu meno mapya. "Si malaria. Niliwadanganya. Si mapepo, si laana, na hakiambukizi, mimi nimelala naye kitanda kimoja tangu azaliwe. Anayetaka kutoka, mlango ule. Anayetaka kuja kuchukua kitambaa chake, kibanda kiko palepale, aje mchana. Lakini sherehe ya mwanangu hakuna wa kuifunga. Hata mwenye ua."

Wengine waliondoka. Mama Elia alimvuta Elia mkono, mtoto akalia akikumbatia papa wake wa satini. Vichwa vilipungua mlangoni kimoja kimoja. Na mwili wa Mwanaidi ukatulia, pumzi ikarudi, nzito, akalala pajani kwa bibi yake.

"Tunafanyaje?" Chausiku alinong'ona.

"Tunasubiri," alisema Mwanvita. Alisimama, akajikung'uta, akawatazama watoto waliobaki, waliojibana ukutani chini ya mashuka ya bluu. "Amelala kidogo. Akiamka tutakata keki. Nani ana njaa?"

Halidi alinyoosha mkono. Pilau ikapakuliwa.

*

Mwanaidi alipoamka, kitu cha kwanza alichokijua ni kwamba gauni limelowa. Alilishika, akajikunja, akaanza kulia bila sauti. Mwanvita alimwingiza ndani, akamwogesha kwa maji ya vuguvugu, akamvika gauni la kawaida la njano.

"Wote wameondoka?"

"Baadhi."

"Waliniona?"

Angeweza kumdanganya. "Walikuona. Na wengine wamebaki. Unataka kutoka au unataka kulala? Ukitaka kulala, lala, hakuna atakayekulazimisha."

Mwanaidi alijifuta machozi. "Keki ipo?"

"Imekanyagwa upande mmoja."

"Tukate upande mwingine."

Alitoka akiwa na macho mazito, nywele zimekaa upande. Waliobaki waliimba, wimbo ukaenda kombo, ukamalizika hivyohivyo. Alikata keki kwa kushikwa mkono na baba yake. Kisha ikafika ile sehemu ambayo Mwanvita aliiogopa kuliko kuanguka kwenyewe, kwa sababu mwenye bethidei huwalisha watu keki kwa mkono wake, mmoja mmoja, mdomoni.

Bibi Zuhura alikuwa wa kwanza. Alipanua mdomo, akala, akalamba na krimu iliyobaki kwenye vidole vya mjukuu. Hafidhi akala akifumba macho, maana machozi yalikuwa karibu. Mwanvita akala. Halafu Mwanaidi alimega kipande, akakipeleka kwa Chausiku.

Kilisimama hewani. Chausiku alikitazama kile kipande, akavitazama vile vidole vidogo. Akapiga goti, akawa sawa na mtoto, akafumba macho kwa nguvu, akafungua mdomo.

"Nzuri?" aliuliza Mwanaidi.

Chausiku alitikisa kichwa kukubali. Aliyetafuna alikuwa yeye, lakini aliyeshusha pumzi alikuwa Mwanvita. Akafuata Halidi, aliyeomba kurudiwa. Wakafuata watoto wengine, wakisukumana.

Mzee Bonifasi alikuwa bado amesimama kwenye kizingiti. Labda aliona aibu kuondoka, labda aliona aibu kubaki. Mwanaidi alimwendea na kipande chake.

"Babu, kula."

Mzee aliangalia kile kipande, akamwangalia mtoto. "Mimi sukari, mjukuu wangu. Daktari amenikataza vitamu."

"Haya," alisema Mwanaidi, akakila mwenyewe, akarudi kwa wenzake.

*

Mwisho wa mwezi waliongea, kama mzee alivyoahidi. Alisema chumba anakihitaji kwa ajili ya mtoto wa dada yake. Hafidhi alipoteza wateja pia. Mmoja alikuja kuchukua kitambaa cha suti kikiwa kimeshakatwa, akaondoka nacho vipandevipande. Wengine walibaki, na wachache wapya walikuja. Kati yao alikuwepo mama mmoja aliyetoka Matombo, aliyesimama kibandani muda mrefu akishikashika vifungo, mpaka alipopata nguvu ya kuuliza: "Fundi, nimesikia una binti. Wangu naye huanguka. Hizo dawa mnapata wapi?" Hafidhi aliacha kazi akampeleka kliniki yeye mwenyewe.

Walipata vyumba viwili mtaa wa tatu, Mafiga hiyohiyo. Ndugu zake Hafidhi walishauri wahame alfajiri, watu wakiwa hawajaamka, wasije wakaonekana wamefukuzwa. Mwanvita alikataa.

"Mwizi ndiye anayehama gizani. Sisi tutahama saa sita mchana."

Na saa sita mchana, jua limesimama juu ya kichwa, mkokoteni ulitoka uani na kitanda, cherehani na masufuria. Hafidhi alikuwa mbele anavuta, Chausiku na Halidi nyuma wanasukuma. Mwanvita alitembea pembeni, amemshika Mwanaidi mkono. Walipofika kwenye bomba la maji walikuta wanawake wamepanga ndoo, na Mama Elia kati yao. Mazungumzo yalikatika. Kila mmoja ghafla akawa na la kutazama ndani ya ndoo yake.

Mwanvita alisema, "Baba Mwanaidi, simama."

Mkokoteni ulisimama katikati ya njia.

"Mwanaidi, umewaona mama zako? Amkia."

"Shikamooni," alisema Mwanaidi.

Maji yaliendelea kuingia kwenye ndoo. Hakuna aliyejibu. Nyuma, bodaboda ilipiga honi kutaka njia; Mwanvita hakusogea. Alisimama wima juani, mkono wa mwanawe ndani ya wake, akimtazama mmoja baada ya mwingine, kama mtu asiye na pa kuwahi.

"Hawajasikia," alisema. "Rudia, mwanangu. Kwa sauti."

"Shikamooni!"

"Marahaba," alijibu bibi mmoja wa mwisho kwenye foleni. Kisha mwingine: "Marahaba, mama." Kisha sauti mbili kwa pamoja. Ndoo ilijaa, ikafurika, maji yakatiririka njiani, na hakuna aliyefunga bomba. Alibaki mmoja. Mwanvita alimsubiri. Honi ilipigwa tena, ndefu.

"Marahaba," alisema Mama Elia, bila kuinua uso.

"Hujambo Mama Elia?" Mwanaidi aliendelea, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa. "Elia hajambo?"

Mama Elia aliinua uso. "Hajambo," alisema. "Anakuulizia."

"Mwambie tumehamia mtaa wa tatu," alisema Mwanvita. "Mlango utakuwa wazi."

Akamgusa mumewe begani, na mkokoteni ukaondoka, ukipita katikati ya maji.